Mizani ya Elimu

Msomaji kijana, ukipita njia itokayo Kericho kwenda Bomet, macho yako yatashiba ukijani wa chai. Lakini jiulize: kabla ya chai, ni nani aliyelisha ng'ombe wake hapa?

Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai wa Wakipsigis. Ukoo huu ndio uliotoa orkoiyot, mwaguzi aliyeombwa shauri kabla ya vita. Watu wake, wazee kwa watoto, walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa joto, malaria na mbung'o. Waliorejea ulipokaribia uhuru hawakurudishiwa ardhi ya wazazi wao.

Nyaraka za serikali ziliwaita wachochezi. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake: mtawala aliandika, na mtawaliwa hakuwa na kalamu. Mwanachuoni asomaye nyaraka hizo peke yake ni kama hakimu aliyesikiliza upande mmoja. Chuo kikuu kina kazi tatu, nazo ni kufundisha, kutafiti na kuhudumia watu. Haki ikikosekana katika moja, zote huchechemea.

Mwaka 1977 kilichapishwa kitabu cha Henry Mwanzi juu ya historia ya Wakipsigis. Mwandishi huyu hakutosheka na makaratasi; alitafuta pia masimulizi ya wazee. Wala usidhani kwamba neno la mzee halina kosa. Nalo hupimwa kwa neno la mzee mwingine, na kwa waraka. Hiyo ndiyo mizani.

Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba Wakipsigis na Watalai walidhulumiwa. Uamuzi wa namna hiyo hauna budi kusimama juu ya ushahidi, na ushahidi wa wasioandika hufa pamoja nao usipohifadhiwa.

Tangu mwaka 2013 Kericho ina chuo kikuu kamili, Kabianga. Huenda siku moja ukaingia humo, au kwingineko. Lakini usingoje siku hiyo. Kijijini kwako yuko bibi aliyechuma chai ujana wake wote. Muulize, uandike, kisha umrudie umsomee ulichoandika, apate kukusahihisha. Maana elimu iliyotwaliwa kwa watu, isiporudi kwa watu, nayo ni ardhi nyingine iliyochukuliwa bila malipo.