Bwana Maktaba wa Miembeni

Ndugu msomaji, kazi ya maktaba sikuitafuta mimi, yenyewe ilinikuta. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, matokeo si ya kumwonyesha mtu, nashinda kijiweni Miembeni nikihesabu bodaboda zinazoshuka kuelekea ziwani. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilikuwa limepita miezi michache tu. Mji wa Bukoba ulikuwa bado na nyufa, watu wengine bado wanalala nje kwa woga. Shule moja ya karibu, jina nalihifadhi, ilikuwa na chumba cha vitabu ambacho rafu zake zote zilikuwa zimelala chini. Walitaka kijana wa kuziinua. "Nenda kakae na vitabu," mkubwa mmoja akaniambia, kwa sauti ile ile ya kumtuma mtoto akachunge mbuzi.

Nikapewa vitu vitatu: ufunguo, muhuri na rejesta. Ufunguo ulikuwa unakwama. Muhuri ulikuwa umeliwa pembeni. Lakini rejesta, jamani! Daftari kubwa la jalada gumu, kurasa zimepigwa mistari kwa rula, na kila kitabu kina namba yake, tarehe kilipoingia, kilikotoka na bei, kwa mwandiko mmoja mzuri wa kulala kulia, ukurasa hadi ukurasa, miaka na miaka. Nikauliza ni mwandiko wa nani. Nikaambiwa ni wa Bwana Maktaba, mzee amestaafu, yupo kwake anapogolea migomba.

Nilikwenda kumwona. Baada ya shikamoo akanipa buni za kutafuna, akaniuliza swali moja tu: "Umesomea?" Nikasema hapana. Akacheka. "Hata mimi. Nilianza kazi, masomo yakanifuata." Akaeleza kwamba miaka ya 1970 alikuwa anatunza vitabu vya kijiji, ndipo akaitwa Dar es Salaam kwa kozi fupi, akarudi, akaendelea na kazi ile ile. Wakati ule niliyachukua kama maneno ya mzee. Baadaye, nilipokwenda kusoma mwenyewe, ndo nikagundua kwamba mzee alikuwa amenisimulia historia ya ukutubi wote kwa sentensi moja.

Maana, ndugu msomaji, ukutubi ulianza hivyo hivyo. Chama cha wakutubi cha Uingereza kiliundwa mwaka 1877, kikaanza kutoa mitihani mwaka 1885, na kwa miaka mingi mtahiniwa wa kawaida alikuwa mfanyakazi: mchana anapanga vitabu, usiku anasoma kwa taa. Huko Marekani naye yule Melvil Dewey, ambaye namba zake ziko mgongoni mwa vitabu dunia nzima, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha Amherst anayefanya kibarua katika maktaba ya chuo tangu mwaka 1872. Aliudhika na mpangilio aliokuta, mwaka 1873 akapeleka wazo lake kwa wakubwa, na mwaka 1876 akachapisha kijitabu cha kurasa 44. Alikuwa na miaka 24. Kibarua! Mwaka 1887 akafungua shule ya kwanza ya ukutubi pale Columbia, New York, wanafunzi 20, na 17 kati yao wanawake, jambo ambalo wakubwa wa chuo halikuwapendeza hata kidogo. (Dewey hakuwa malaika. Mwaka 2019 chama cha wakutubi cha Marekani kiliondoa jina lake kwenye nishani yake kwa sababu ya ubaguzi wake na jinsi alivyowasumbua wanawake. Namba lakini zimebaki.)

Huku kwetu mambo yalianza na masanduku. Shirika la vitabu la serikali za kikoloni, East African Literature Bureau, liliundwa Nairobi mwaka 1948. Lilichapisha vitabu na pia liliazimisha: masanduku ya vitabu yalipelekwa vijijini na vitabu vingine vikasafiri kwa posta. Sanduku lilifika kwa mwalimu au karani, yeye ndiye akawa mkutubi, bila darasa wala cheo. Mwaka 1960 S. W. Hockey, aliyekuwa msimamizi wa maktaba za shirika hilo, aliandika ripoti akishauri kila nchi iwe na huduma yake ya maktaba. Tanganyika ikatunga sheria mwaka 1963. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa Mwingereza, Max Broome. Tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere akafungua Maktaba Kuu pale Dar, na miaka ya 1970 uongozi ukawa mikononi mwa Ezekiel Kaungamno, Mtanzania. Mwaka 1975 sheria mpya ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania.

Nyumba zilikuwa zinasimama, lakini nani akae ndani yake? Mwaka 1963 huo huo shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere. Kwa mtu wa Bukoba hiyo ilikuwa jirani kabisa: ukivuka Mutukula umekaribia, wakati Dar ilikuwa meli hadi Mwanza halafu treni. Basi jirani huyo akageuka. Mwaka 1971 Amin akapindua serikali. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Mwaka 1978 majeshi yake yakaingia Kagera, na mabomu hayamuulizi mtu kama ana barua ya chuo. Mafunzo ya wasaidizi yakabidi yafanyike nyumbani, kwa watu walio tayari kazini. Mwaka 1989 ndipo Bagamoyo ikapata chuo, Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi Nyaraka, na huko ndiko nilikokwenda mimi.

Nilikwenda kwa sababu ya rejesta ile na, niseme ukweli, kwa sababu nilichoka kuitwa mlinzi wa vitabu. Makubaliano yalikuwa haya: masomo yakiwa wazi niko Bagamoyo, likizo niko Miembeni kazini, na mshahara ni wa likizo tu. Siku mbili ndani ya basi, zaidi ya kilomita 1,300, na daftari la Dewey juu ya magoti. Nilijifunza kwamba Kiswahili ni 496.392 na fasihi yake ni 896.392. Nilijifunza kwamba katika 200, namba za dini, Ukristo umetawanyika karibu kiwanja kizima, halafu Uislamu umebanwa 297, na dini za babu zetu ziko 299.6, mkiani kabisa. Darasani tulicheka, halafu tukanyamaza. Fikiria: mtu aliyekuwa kibarua Amherst ndiye anaamua bibi yangu aombe kwenye rafu gani.

Kipindi kilichonikolea zaidi kilikuwa cha kuondoa vitabu. Maktaba haiwezi kubeba kila kitu. Kitabu kilichopitwa na wakati, kilichochakaa, kisichoazimwa miaka mingi, kinatolewa ili kipya kipate nafasi. Mtoto wa Bukoba halihitaji somo hilo mara mbili: mgomba usiopogolewa hauzai vizuri. Nikarudi likizo nikiwa moto. Na bahati, au balaa, shule ilikuwa inataka kona moja ya chumba kwa ajili ya kompyuta. Nikaulizwa, wewe msomi, tutoe nini?

Nakwambia nilifanya kazi ile kwa siku mbili tu. Nilijiona daktari. Umri wa kitabu, mara ya mwisho kuazimwa, kama kimo kwenye muhtasari wa masomo au la. Niligonga muhuri mwekundu, IMEONDOLEWA, nikakata mstari kwenye rejesta juu ya ule mwandiko wa kulala kulia. Rafu moja ya chini ilikuwa na vijitabu vyembamba vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Visomo vya watu wazima. Vitabu vya sala vya Kihaya. Magazeti yaliyokunjwa. Hakuna hata kimoja kilichoazimwa tangu nianze kazi. Sikufungua kamba. Niligonga muhuri juu ya kile cha juu, basi.

Wiki chache baadaye ulikuwa Novemba, msimu wa senene. Nilinunua za kukaanga sokoni, nikala njiani, na nilipofika chini ya kile kibunda cha karatasi nikaona mchoro: mkulima ameshika kisu, mbele yake mgomba, na chini yake maneno ya herufi kubwa yenye silabi zilizotenganishwa kwa ajili ya mtu anayejifunza kusoma. Nyuma ya karatasi, nusu ya duara ya muhuri ulioliwa pembeni. Wetu.

Hamu ya senene ikaisha. Nikaenda kwa mzee, safari hii sikula buni. Akaikunjua ile karatasi juu ya goti, akainyoosha kwa kiganja, kisha akanieleza. Kati ya 1968 na 1972, kwa msaada wa UNESCO, mikoa ya kanda ya ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, kama Kagera ilivyoitwa wakati ule, ndiyo iliyojaribiwa mpango wa kusoma kwa kazi: mkulima wa pamba asome kwa kitabu cha pamba, mvuvi kwa cha uvuvi, na sisi kwa cha migomba. Majaribio hayo yakapelekwa nchi nzima. Takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma walikuwa asilimia 39 mwaka 1975, wakafika asilimia 9.6 mwaka 1986. Kuna wanaozibishia takwimu hizo, na mimi sina ugomvi nao. Lakini mzee alikuwa na takwimu zake: mama yake mzazi alijifunza kusoma kwa kitabu hicho. Maktaba ya kijiji ilipokufa, ni yeye aliyevifunga kwa kamba na kuvileta kwa baiskeli.

"Lakini Mzee," nikasema, "Maktaba Kuu si wana nakala? Sheria inamtaka mchapishaji apeleke." Nilikuwa nimelisoma hilo, nilitaka linitoe. Akaniangalia. "Hivi vya kisomo labda. Na vya misheni? Sheria imekuja sitini na tatu, mwanangu. Kashozi misheni ipo tangu 1892. Unajua walichapa vingapi kabla?"

Nilijua kimoja tu: Amakuru ga Kiziba, historia ya ufalme wa Kiziba aliyoiandika Francis Xavier Lwamgira kwa Kihaya, ambayo toleo lake la 1949 lilitoka kwenye mtambo wa Kashozi. Hicho kinatajwa na wanahistoria, kina watu wa kukitafuta. Kitabu cha sala cha bibi hakina mtu.

Kanuni niliyofundishwa haikuwa mbaya. Niliirudia baadaye kwenye daftari langu na nikakuta sentensi ambayo niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe na kuipita: vitabu vya mahali penyewe havipimwi kwa idadi ya waazimaji. Mwalimu alisema. Mimi nilikuwa na haraka ya kugonga muhuri.

Mzee hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alichukua fimbo yake tukaenda sokoni wote wawili, meza kwa meza, yeye akiwasalimia akina mama kwa Kihaya na kuomba kuona karatasi zao za kufungia. Wengine walicheka. Mmoja alikataa, akisema karatasi ni mtaji. Kwa kuzunguka siku tatu tulipata kisomo kimoja cha migomba kisicho na jalada wala kurasa sita za mwanzo, kitabu cha sala chenye doa la mafuta, na gazeti moja la Elimu Haina Mwisho, lile lililoanza kuchapishwa Mwanza mwaka 1974 kwa ajili ya waliojifunza kusoma ukubwani.

Shuleni nilifungua rejesta. Kitabu kilichoondolewa hakirudi kwenye namba yake ya zamani, kinaingia upya kama mgeni. Nikaandika namba, tarehe, jina, "kurasa 6 hazipo". Kwenye safu ya kilikotoka nikasita kidogo, nikaandika: Sokoni Bukoba. Bei: Sh. 1,500. Mzee akainama juu ya bega langu akasoma, akasema mwandiko wangu ni mbaya, akaniomba kalamu akapiga mstari chini kwa rula.