Kutoka Marufuku hadi Uainishaji: Fasili katika Sheria za Filamu na Machapisho za Afrika Kusini

Katika somo la tafsiri muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu fasili moja ya kisheria inayohusu picha za ngono zinazohusisha watoto, nikawaomba waitafsiri kwa Kiswahili. Mmoja aliandika "picha chafu za watoto". Darasa likacheka, kwani picha ya mtoto aliyetoka kucheza kwenye matope nayo ni picha chafu. Mwingine aliandika "ngono ya watoto", na hapo hakuna aliyecheka. Tafsiri hiyo inamfanya mtoto kuwa mtendaji, ilhali yeye ndiye aliyetendewa. Ndipo nilipoona inafaa kueleza katika makala haya historia ya sheria ilimotoka fasili ile, yaani sheria ya filamu na machapisho ya Afrika Kusini. Nchi ile ilitangaza mwaka 2018 kuwa Kiswahili kitafundishwa shuleni kama somo la hiari, na baadhi yetu huenda tukaitwa kutafsiri au kufundisha huko.

Historia yenyewe ni ndefu. Sheria ya mwaka 1931 iliunda bodi ya kukagua filamu kabla hazijaonyeshwa. Mwaka 1963, wakati utawala wa ubaguzi wa rangi umekwisha kukomaa, ikatungwa sheria nyingine iliyoanzisha Bodi ya Udhibiti wa Machapisho na kuviweka chini yake hata vitabu vilivyochapishwa nchini. Kipimo cha sheria hii kilikuwa neno moja, ambalo kwa Kiswahili tungeliita "lisilofaa". Chapisho lisilofaa liliweza kuwa lenye matusi ya ngono, au lenye kukashifu dini, au lenye kuharibu uhusiano baina ya makundi ya watu, au lenye kuhatarisha usalama wa dola. Ngono na siasa zilitiwa katika kapu moja. Aidha, bodi iliweza kuruhusu filamu kwa watu wa umri fulani au wa rangi fulani tu, hata Mwafrika mwenye wajukuu akazuiwa kutazama filamu ambayo kijana wa Kizungu aliruhusiwa kuitazama. Msamiati wa malezi ulitumiwa kumtawala mtu mzima.

Sheria ya 1974 ilikaza zaidi. Ilifuta haki ya kukata rufaa mahakamani, ikaunda Bodi ya Rufaa yake yenyewe, na kuruhusu kumiliki tu baadhi ya vitabu kufanywe kosa. Mwaka huohuo riwaya ya André Brink, *Kennis van die aand*, ilipigwa marufuku, ikawa riwaya ya kwanza ya Kiafrikaans kupatwa na mkasa huo. *Burger's Daughter* ya Nadine Gordimer ilipigwa marufuku mwaka 1979 na kufunguliwa miezi michache baadaye. Waandishi Waafrika, miongoni mwao Alex La Guma na Es'kia Mphahlele, walipigwa marufuku wao wenyewe pamoja na kazi zao.

Baada ya uchaguzi wa 1994 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mangosuthu Buthelezi, aliteua kikosi kazi cha kuandaa sheria mpya. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Kobus van Rooyen, ambaye katika miaka ya 1980 aliongoza Bodi ya Rufaa ya mfumo uleule wa zamani. Sijui kama sisi tungemteua, lakini pengine aliyeushika mpini ndiye ajuaye makali ya kisu. Kabla sheria hiyo haijapitishwa, Mahakama ya Katiba ilibatilisha, Mei 1996, kifungu cha sheria ya 1967 kilichofanya kumiliki picha za ngono kuwa kosa, kwa kuwa fasili yake ilikuwa pana kupita kiasi na iliingilia faragha ya watu. Sheria Na. 65 ya 1996 ikafuata, na kuanza kutumika mwaka 1998. Kuanzia hapo kazi ya bodi ilikuwa uainishaji: kumweleza mtazamaji kilichomo na umri unaofaa, na kumwachia mtu mzima achague mwenyewe. Marufuku ilibaki kwa mambo machache, na la kwanza kati ya hayo ni picha za ngono za watoto.

Hapa ndipo mjadala wa fasili ulipoanza upya, maana sababu sasa ilikuwa njema na hakuna aliyetaka kuipinga. Marekebisho ya 1999 yaliingiza intaneti, na fasili ikamgusa si mtoto halisi tu bali pia mtu yeyote "anayeonyeshwa kuwa" chini ya miaka 18. Mtayarishaji mmoja wa filamu aliyeshtakiwa alidai kuwa picha alizokutwa nazo zilikuwa za utafiti wa filamu ya hali halisi. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba ilikataa hoja yake na kukiacha kifungu kisimame, ikisema kuwa hadhi ya mtoto inastahili ulinzi huo na kwamba mwenye sababu ya kweli angeweza kuomba kibali mapema. Hata hivyo iliibana fasili: picha itazamwe kwa ujumla wake, na lengo lake liwe kuamsha ashiki. Kwa maoni yangu hii ndiyo hukumu ambayo mwalimu wa tafsiri angepaswa kuifundisha, kwa sababu majaji walifanya kazi ya mwanaleksikografia.

Somo hilo halikushika mara moja. Marekebisho ya 2009 yaliwataka wachapishaji wa aina fulani za maandishi ya ngono wayapeleke kwa bodi kabla ya kuchapisha, na mwaka 2012 mahakama ileile ikayabatilisha masharti hayo. Julai 2013 filamu ya ufunguzi ya tamasha la Durban, *Of Good Report*, ilinyimwa uainishaji usiku wa kuonyeshwa kwake. Inamhusu mwalimu anayemwinda mwanafunzi wake wa miaka 16. Mwigizaji mwenyewe alikuwa mtu mzima, lakini kwa kuwa alionyeshwa kuwa mtoto, bodi iliona picha za ngono za mtoto. Baraza la Rufaa lilitengua uamuzi huo siku chache baadaye na filamu ikaruhusiwa kwa wenye miaka 16 na zaidi. Walimu wenzangu wataelewa kwa nini kisa hiki kinaniuma: filamu iliyotaka kumfichua mwalimu wa aina hiyo nusura ifichwe kwa jina la mtoto anayedhulumiwa.

Marekebisho ya 2019, yaliyoanza kutumika Machi 2022, yalihusu zaidi wasambazaji wa mtandaoni na usambazaji wa picha za faragha bila idhini ya mwenyewe.

Hapa Uganda sisi si watazamaji tu. Sheria yetu ya kupinga ponografia ilitiwa saini mwaka 2014, na Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilibatilisha baadhi ya vifungu vyake, kikiwemo kile cha fasili. Wanawake walikuwa wamekwisha kusumbuliwa barabarani kwa sababu ya mavazi, kana kwamba sketi fupi ni chapisho.

Turudi darasani. Mwongozo wa istilahi uliopitishwa Luxembourg mwaka 2016 unashauri kuliepuka jina la zamani la picha hizi, kwa kuwa linazifananisha na picha za watu wazima waliokubali kupigwa. Baada ya majadiliano ya vipindi viwili, tuliafikiana kutumia "picha za unyanyasaji wa kingono wa watoto". Mwanafunzi mmoja alilalamika kuwa ni ndefu mno, na kweli ni ndefu. Tumeiingiza hivyohivyo katika rasimu ya faharasa ya idara. Kwa neno la uainishaji wenyewe bado tumegawanyika, wengine wakipendelea "upangaji wa madaraja". Wasomaji wenye maoni wayalete ofisini kabla rasimu haijapigwa chapa.