Miaka ya Kungoja: Kuwasili kwa Fasihi ya Kisasa ya Dunia katika Kiswahili, 1929–2022

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya tafsiri za kifasihi katika Kiswahili kwa kutumia kigezo kimoja: idadi ya miaka iliyopita baina ya kuchapishwa kwa kazi asilia na kuchapishwa kwa tafsiri yake ya Kiswahili. Kigezo hicho, ambacho hapa kinaitwa muda wa kungoja, kinaonesha kwamba umbali kati ya msomaji wa Kiswahili na fasihi ya wakati wake haukupungua kwa mfululizo kadiri miaka ilivyosonga. Ulipungua sana katika miaka ya 1970, kisha ukarefuka tena. Makala yanahoji kuwa sababu ya mabadiliko hayo haimo katika uwezo wa lugha wala katika uhaba wa wafasiri, bali katika mpangilio wa uchapishaji, soko la vitabu na uhusiano wa nchi za kanda. Mwisho, yanabainisha maana ya historia hiyo kwa sera ya Kiswahili katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo, ambayo inajumuisha nchi zinazotumia Kifaransa.

1. Utangulizi

Mijadala kuhusu tafsiri katika Kiswahili kwa kawaida huelekezwa kwenye ubora wa matini: je, mfasiri ameitendea haki matini chanzi? Je, istilahi zinatosha? Maswali hayo ni ya msingi, lakini yanaacha kando swali la kihistoria lenye uzito kwa mtunga sera: msomaji asiyejua lugha nyingine ya kimataifa zaidi ya Kiswahili alilazimika kungoja miaka mingapi ili asome kile ambacho walimwengu wenzake walikuwa wakikisoma?

Ni vyema kukumbuka kwamba kufasiri hakukuletwa pwani na Wazungu. Sayyid Aidarus bin Athumani aliifasiri Hamziya, kasida ya al-Busiri, moja kwa moja kutoka Kiarabu, na tafsiri yake ikasomwa na kunakiliwa kwa mkono vizazi na vizazi. Mfasiri alikuwa mwanazuoni wa lugha zote mbili, na hadhira ilijua thamani ya matini chanzi. Jambo hili lina umuhimu kwa hoja inayofuata: Kiswahili kilianza historia yake ya tafsiri kwa kupokea moja kwa moja, bila kupitia lugha ya tatu.

Makala yanatumia kazi chache zinazojulikana vyema. Kazi hizo si takwimu za tafsiri zote. Ni vielelezo vya mwelekeo, na zimechaguliwa kwa sababu tarehe zake zinaweza kulinganishwa.

2. Kipindi cha kwanza: vitabu vya jana kwa wasomaji wa leo

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliiteua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili iliyohudumia Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri mwenye bidii. Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani zote zilitoka mwaka 1929, na baadaye ikafuata tafsiri ya safari za Gulliver.

Riwaya ya Robert Louis Stevenson ilikuwa imechapishwa kama kitabu mwaka 1883, na ile ya Rider Haggard mwaka 1885. Muda wa kungoja ulikuwa miaka 46 na 44. Riwaya ya Jonathan Swift ilikuwa na umri wa karne mbili. Mwanafunzi wa Tanganyika wa miaka ya 1930, ambaye aliishi wakati mmoja na waandishi wakubwa wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alipewa vitabu vya ujana wa babu zake Waingereza. Wala hilo halikuwa sadfa. Tafsiri hizo zilikusudiwa shule, na kazi yake ilikuwa kuimarisha usomaji wa Kiswahili sanifu kwa visa vya safari na ushujaa ambavyo havikugusa utawala. Mashimo ya Mfalme Sulemani hata ilimwonesha msomaji Mwafrika bara lake kwa jicho la mwindaji wa Kizungu.

Jambo la pili ni jiografia. Kamati ilihudumia maeneo manne tu yaliyokuwa chini ya Uingereza. Katanga, Kivu, Rwanda na Burundi, ambako Kiswahili kilikuwa kikizungumzwa migodini, sokoni na kambini, zilikuwa chini ya Wabelgiji. Wasemaji wa huko hawakuwa sehemu ya hadhira iliyokusudiwa, na lugha ya Kifaransa waliyofundishwa haikuwa miongoni mwa lugha chanzi zilizofikiriwa.

3. Kipindi cha pili: muongo wa karibu

Uhuru ulibadilisha mtu anayechagua. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya kwanza ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari mwaka 1963, akairudia na kuitoa upya mwaka 1969 kama Juliasi Kaizari, mwaka uleule wa Mabepari wa Venisi. Mara nyingi tafsiri hizi hutajwa kama uthibitisho kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fasihi nzito. Uthibitisho huo ulihitajika. Hata hivyo, kwa kigezo cha makala haya, Shakespeare hakumsogeza msomaji karibu na wakati wake. Kilichobadilika ni uhuru wa mfasiri: neno mabepari katika anwani, pale ambapo mfanyabiashara lingetosha, liliiingiza tamthilia ya kale katika mjadala wa kisiasa wa Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha.

Msogeo wenyewe ulitokea kwingine. Mwaka 1967 East African Publishing House ilitoa Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya riwaya ya George Orwell ya mwaka 1945. Muda wa kungoja ulikuwa miaka 22, nusu ya ule wa Stevenson. Mwaka 1973 riwaya ya kwanza ya Chinua Achebe, iliyotoka mwaka 1958, ilipatikana kama Shujaa Okonkwo: miaka 15. Riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o ya mwaka 1965 ilifuata kwa jina la Njia Panda mwaka 1974: miaka 9. Utenzi wa Okot p'Bitek ambao Kiingereza chake kilichapishwa mwaka 1966 ulifika kama Wimbo wa Lawino kwa kalamu ya Paul Sozigwa mwaka 1975: miaka 9 vilevile. Abdilatif Abdalla, baada ya kutoka kifungoni Kenya mwaka 1972 na kuhamia Dar es Salaam, aliifasiri riwaya ya Ayi Kwei Armah ya mwaka 1968 kama Wema Hawajazaliwa.

Kilele kilifikiwa mwishoni mwa muongo. Tamthilia ya Ngũgĩ na Mĩcere Mũgo kuhusu Kimathi ilichapishwa mwaka 1976, na Mzalendo Kimathi ikatoka mwaka 1978. Caitaani Mũtharaba-inĩ ya mwaka 1980 ikawa Shetani Msalabani mwaka 1982, mwaka uleule ilipotoka kwa Kiingereza. Katika kisa hiki msomaji wa Kiswahili hakumtangulia wala kumfuata msomaji wa London. Walisoma kwa pamoja. Tena, kazi yenyewe ilikuwa imeandikwa katika lugha ya Kiafrika.

Ni nini kilichowezesha ukaribu huo? Sababu tatu zinajitokeza. Kwanza, wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam walikuwa na soko la nchi zaidi ya moja, na kitabu cha Kiswahili kiliweza kuuzwa pande zote za mpaka. Pili, mashirika hayohayo ndiyo yaliyomiliki au kusambaza vitabu vya waandishi wa Afrika kwa Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo ya hakimiliki yalikuwa mafupi. Tatu, vyuo vikuu vya kanda vilikuwa na wahariri na wafasiri ambao wenyewe walikuwa waandishi. Mfasiri alimjua mwandishi, na mara nyingi alikuwa amesoma naye au kufundisha naye.

Hata hivyo ukaribu huo ulikuwa na mipaka. Riwaya ya Ferdinand Oyono kuhusu mtumishi wa nyumbani ilitoka kwa Kifaransa mwaka 1956, na toleo lake la Kiingereza likatoka mwaka 1966. Boi ya Kiswahili ilionekana katikati ya miaka ya 1970, takriban miaka 20 baada ya kazi asilia. Waandishi wa Kifaransa walingojwa zaidi kuliko wenzao wa Kiingereza hata pale walipokuwa majirani wa bara moja, kwa sababu mlango wa kuingilia ulikuwa orodha ya mchapishaji wa Kiingereza.

4. Kipindi cha tatu: kurefuka upya

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali ilivunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi mwaka 1983. Soko moja likawa masoko mawili madogo. Miaka ya 1980 ikaleta uhaba wa fedha za kigeni, karatasi na wino, kisha masharti ya kurekebisha uchumi yaliyopunguza bajeti za maktaba na shule. Mchapishaji aliyebaki hai alibaki kwa kutegemea kitabu cha kiada. Tafsiri ya riwaya mpya, ambayo lazima ilipiwe haki, ilipiwe mfasiri, kisha ingoje wasomaji, ikawa hatari ambayo wachache waliweza kuibeba.

Kwa muda pengo hilo lilizibwa kutoka nje. Mashirika ya Progress na Raduga ya Moscow yalichapisha vitabu kwa Kiswahili na kuviuza kwa bei nafuu. Uteuzi wa vitabu ulifanywa na serikali ya nchi ya mbali, kama ulivyofanywa na Idara ya Elimu ya kikoloni hapo awali, ijapokuwa kwa itikadi iliyo kinyume. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, mfereji huo ukakauka.

Matokeo yanaonekana katika kazi za karne hii. Kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry cha mwaka 1943 kilifika katika Kiswahili, kwa jina la Mwana Mdogo wa Mfalme, baada ya zaidi ya miaka 60. Lakini kielelezo kinachofundisha zaidi ni Abdulrazak Gurnah. Mzaliwa huyu wa Zanzibar alichapisha riwaya yake kuhusu kijana Yusuf mwaka 1994. Mazingira yake ni pwani na bara la Afrika Mashariki, na mazungumzo mengi ndani yake yanaeleweka kama Kiswahili kilichovikwa Kiingereza. Tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, ilitolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, yaani miaka 28 baadaye na mwaka mmoja baada ya Tuzo ya Nobel. Okot wa Gulu alikuwa amengojwa miaka 9, na Achebe wa Nigeria miaka 15. Mwana wa Unguja alingojwa karibu mara mbili ya Achebe, na akapokelewa nyumbani baada ya kutambuliwa Stockholm.

Ipo mifano inayoonesha kuwa hali hii si ya lazima. Mwaka 2016 jarida la Jalada lilitoa hadithi fupi ya Ngũgĩ iliyoandikwa kwa Gĩkũyũ, ikafasiriwa kwa zaidi ya lugha 30, Kiswahili kikiwamo, kwa muda mfupi sana. Nchini Rwanda, riwaya ya Gaël Faye ya mwaka 2016 kuhusu utoto wa Bujumbura imepata toleo la Kinyarwanda, Gahugu Gato. Kanda inao wafasiri. Inachokosa ni utaratibu wa kuwafikishia kazi na kuwalipa.

5. Maana ya historia hii kwa sera

Mkataba wa mwaka 1999 ulioanzisha Jumuiya mpya uliipa Kiswahili nafasi ya lugha ya mawasiliano mapana. Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, na mwaka 2021 wakuu wa nchi wakakubali Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Mwaka 2022 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikajiunga. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1930, wasemaji wa Kiswahili wa Lubumbashi, Goma, Bujumbura na Kigali wamo ndani ya taasisi moja na wale wa Mombasa na Dodoma.

Historia iliyoelezwa inadokeza mambo matatu. La kwanza ni soko: muda wa kungoja ulikuwa mfupi kitabu kilipovuka mpaka bila kizuizi, hivyo kodi na taratibu za forodha juu ya vitabu ni suala la sera ya lugha, si la biashara pekee. La pili ni mnunuzi wa uhakika: maktaba za umma na vyuo vya nchi wanachama zikiahidi kununua idadi fulani ya nakala za kila tafsiri iliyoteuliwa na jopo huru, mchapishaji ataweza kununua haki za kitabu kikiwa bado kipya. La tatu ni mafunzo ya wafasiri wanaotoka Kifaransa, Kiarabu na lugha za kanda kwenda Kiswahili moja kwa moja. Vyuo vya Burundi, Rwanda na Kongo vina nafasi ambayo Dar es Salaam na Nairobi hazikuwahi kuwa nayo, kwani wanafunzi wao wengi wanaishi ndani ya Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inaweza kuratibu kazi hii bila kuhitaji chombo kipya.

6. Hitimisho

Historia ya tafsiri katika Kiswahili si hadithi ya lugha changa inayokua polepole hadi kuiweza fasihi ya dunia. Kiswahili kiliiweza mapema. Mwaka 1982 kilikuwa sambamba na Kiingereza. Miaka 40 baadaye kilikuwa nyuma kwa miaka 28 katika kumsoma mwandishi wa pwani yake. Kilichorudi nyuma ni mpangilio wa taasisi uliokiunganisha na wachapishaji na wasomaji wa nchi jirani. Kwa kuwa mpangilio huo uliwahi kujengwa katika muda usiozidi miaka 15, swali lililo mbele ya nchi wanachama ni la bajeti na utashi, na jibu lake litapimika kwa urahisi: kwa kuhesabu miaka ambayo riwaya itakayochapishwa mwaka huu Kinshasa, Cairo au Kampala itachukua kumfikia msomaji wa Kiswahili.