Kipokezi Kimoja cha Redio, Wasikilizaji Wengi kwa Njia ya Intaneti

Kipokezi cha redio kinachoendeshwa kwa programu ya kompyuta kinaweza kusikilizwa na watu wengi kwa pamoja kupitia kivinjari, kila mmoja akichagua masafa yake. Mfano mashuhuri ni kipokezi cha Chuo Kikuu cha Twente, mjini Enschede, Uholanzi, kilichobuniwa na Pieter-Tjerk de Boer, ambacho hupokea kwa wakati mmoja masafa yote hadi megahezi 29.16.

Hilo huwezekana kwa kuwa mawimbi yote yaliyonaswa na antena hugeuzwa kuwa tarakimu, kisha seva humchujia kila msikilizaji sehemu aliyoiomba na kumtumia sauti yake. Vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyochomekwa kwenye tundu la USB havina upana huo. Hupokea takribani megahezi 2 tu kwa mara moja, hivyo mtu mmoja akihamisha bendi, wenzake wote huhama naye, wapende wasipende. Mwenye kifaa cha aina hiyo hana budi kuteua bendi moja na kuwazuia wasikilizaji kuibadili.

Jambo linalopuuzwa mno ni mahali pa antena. Chaja za simu, taa za LED na mitambo ya umeme wa jua hutoa mvumo unaozifunika stesheni dhaifu. Kuisogeza antena mita kadhaa kutoka kwenye jengo mara nyingi husaidia kuliko kununua kipokezi ghali. Antena ya nje iunganishwe na waya wa ethi kabla ya msimu wa radi.