Gundi ya bolti: Jinsi ya kuchagua nguvu ifaayo

BOLTI nyingi hulegezwa na mtikisiko. Mtambo unapotetemeka, nati husogea kidogo kidogo hadi mkazo ulioishikilia ukaisha. Katika mashine ya kusaga unga, hali hiyo huleta hasara. Katika breki za pikipiki, huhatarisha maisha.

Gundi ya kufungia meno ya bolti hutumika kuzuia hatari hiyo. Ilipata umaarufu kupitia kampuni iliyoasisiwa mwaka 1953 na Profesa Vernon Krieble wa Chuo cha Trinity mjini Hartford, Marekani, na ambayo bidhaa yake iliitwa Loctite. Tangu 1997, jina hilo humilikiwa na kampuni ya Henkel ya Ujerumani.

Tofauti na gundi nyinginezo, hii haikaukii hewani. Hubaki majimaji maadamu inapata oksijeni, na huganda inapobanwa baina ya vyuma pasipo hewa. Ndiyo sababu chupa yake haijazwi pomoni.

Nguvu na rangi

Katika bidhaa za Loctite, zambarau (nambari 222) ni dhaifu, nayo hufaa skrubu ndogo zisizozidi milimita 6. Buluu (242 na 243) ni ya wastani; hufaa bolti za milimita 6 hadi 20 na hufunguka kwa spana ya kawaida. Nyekundu (262 na 271) ni kali, ya bolti kubwa zisizotarajiwa kufunguliwa. Kijani (290) ni nyepesi mno, hivyo hupenya kwenye bolti iliyokwisha kukazwa.

Hata hivyo, rangi pekee haitoshi. Gundi ya kushikilia beringi nambari 638 pia ni ya kijani, ilhali kazi yake ni tofauti kabisa. Aidha, kampuni nyingine zaweza kutumia rangi kwa utaratibu wao. Muhimu ni kusoma nambari na maelezo ya chupa.

Kosa la kawaida ni kudhani kuwa iliyo kali zaidi ndiyo bora. Skrubu ndogo iliyotiwa gundi nyekundu hukatika kichwa kabla ya gundi kuachia, na fundi hulazimika kuitoboa kwa drili. Kwa hivyo, fundi ajiulize kwanza: Je, bolti hii itafunguliwa tena? Ina unene gani? Mwongozo wa mtengenezaji unaagiza nini?

Matumizi

Meno husafishwa mafuta na kutu, kisha matone machache hutiwa mahali nati itakapokaa. Gundi hukomaa kikamilifu baada ya takriban saa 24, ingawa kwenye chuma kisichoshika kutu huchelewa na huenda ikahitaji dawa ya kuichochea. Haifai plastiki, kwani baadhi yake hupasuka.

Gundi nyekundu iliyoganda hulegezwa kwa joto la nyuzi 250 hivi, na bolti hufunguliwa ingali moto. Moto huo usikaribie petroli wala mipira ya kuzuia mafuta, na kazi ifanyiwe penye hewa ya kutosha.

Isitoshe, gundi haifufui bolti iliyoliwa meno, wala haichukui nafasi ya kukaza ipasavyo. Bolti ya aina hiyo hubadilishwa.