Mji Ulioitwa Upendo



Wiki hii napenda tutafakari historia ya mji mdogo wa Ufaransa, ulio ukingoni mwa mto Loire katika nchi ya Burgundy. Mji huo unaitwa La Charité-sur-Loire, maana yake Upendo juu ya Loire. Ni upendo ule wa kumhurumia maskini na kumsaidia. Jina zuri namna hii mji uliupataje?

Mnamo mwaka 1059 wamonaki Wabenediktini wa Cluny walianzisha monasteri mahali pale. Njia ya mahujaji waendao Santiago de Compostela, kwenye kaburi la Mtakatifu Yakobo Mtume, ilipita hapo. Mapokeo yasema kwamba maskini na wasafiri waliokosa chakula na malazi waliambiana waende kwenye upendo wa wale mapadre wema. Basi wamonaki hawakujiita wenyewe hivyo. Waliitwa hivyo na wenye njaa walioshibishwa. Monasteri ikakua, ikazaa nyumba nyingine nyingi, hata ikaitwa binti mkubwa wa Cluny. Mwaka 1107 Papa Paskali II mwenyewe aliitabaruku kanisa lake, mojawapo ya makanisa makubwa kabisa ya Ulaya wakati ule.

Lakini jina jema si ngao. Mwishoni mwa mwaka 1429 Mtakatifu Yoana wa Arc aliuzingira mji huo akiwa na jeshi lililopungukiwa na mahitaji. Ilipofika Noeli alikuwa amelazimika kuondoka bila kuutwaa. Mwaka 1559 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya mji na kuliharibu vibaya kanisa.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya kuliko moto. Katika vita vya dini, mji wenye daraja juu ya Loire ulitamaniwa na pande zote mbili. Mwaka 1569 Waprotestanti waliuteka, na Wakatoliki wakauawa. Mwaka 1570 mkataba wa amani uliwapa Waprotestanti miji minne ya usalama wao, na La Charité ulikuwa mmojawapo. Hata hivyo, mwezi Agosti mwaka 1572, katika siku za mauaji ya Mtakatifu Bartolomayo, ikawa zamu ya Waprotestanti kuchinjwa humo. Ndugu zangu, tusilisome jambo hili kwa kuhesabu nani alianza. Waliouawa na waliowaua, wote walilitaja jina la Kristo, na wote walikuwa ndani ya mji ulioitwa Upendo.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1789 wamonaki walitawanywa. Katika karne ya 19 kulikuwa na mpango wa kupitisha barabara katikati ya kanisa. Prosper Mérimée, mwandishi na mkaguzi wa majengo ya kale, alilitetea, na mwaka 1840 likaingizwa katika orodha ya kwanza ya majengo ya historia yanayolindwa na serikali. Mwaka 1998 UNESCO ililiweka kati ya urithi wa dunia, pamoja na njia za Compostela. Hadi leo mnara mmoja umesimama mbali na kanisa, kwa sababu sehemu kubwa ya jengo lililowaunganisha ilikwisha kutoweka.

Mnara ule wanifundisha jambo. Jiwe linaweza kubaki wakati kile kilichokuwa kinaliunganisha kimetoweka. Nasi tunazo jumuiya ndogondogo zenye majina ya watakatifu, na vyama vyenye majina ya huruma. Je, mgeni mwenye njaa akipita mlangoni petu, atatupa jina gani? Jina walilopewa wamonaki lilitokana na mkate waliomega. Likiandikwa mlangoni tu, haliwezi kuuzuia upanga.

Wiki hii tumtafute mmoja ambaye hatusemezani naye, tuanzie hapo.

Mungu awabariki nyote.