Engare Nanyuki, 1951: Kukataa Bila Kupigana

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi wadogo zetu mlioko madarasani,

Wale tuliosoma pamoja hapana shaka mtaukumbuka mdahalo wa mwaka 1998, Babati ikiwa bado katika Mkoa wa Arusha. Mada ilikuwa kwamba ubaguzi wa mkoloni usingeweza kuondolewa ila kwa silaha. Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande uliounga mkono. Niliwasifu mashujaa wa Majimaji, kisha nikawageukia Wameru kwa dhihaka, nikasema kwamba walichomewa nyumba wakaketi wakitazama moshi. Bwalo zima lilipiga makofi, nasi tukashinda. Mwalimu wetu wa historia hakunipinga. Aliniuliza swali moja tu: "Na yule aliyewachomea, unadhani alilala usingizi?" Sikumwelewa. Leo naomba nafasi katika kurasa hizi nimjibu, ingawa nimechelewa.

Tuanze na habari yenyewe. Mashamba ya walowezi yaliuzunguka Mlima Meru kama mkanda tangu enzi za Wajerumani, na Waingereza walipoingia hali haikubadilika. Wenyeji walizidi kubanwa juu mlimani na mifugo yao. Mwaka 1947 tume ya Jaji Mark Wilson ilitoa mapendekezo yake kuhusu ardhi ya Arusha na Moshi. Shabaha yake moja ilikuwa kupanga ardhi kwa rangi, yaani eneo la katikati ya Meru na Kilimanjaro liwe la Wazungu, na Waafrika waliomo wahamishwe. Engare Nanyuki ilikuwa ndani ya mpango huo. Wananchi wapatao elfu tatu waliambiwa waende Kingori, mahali walipopakataa kwa kuwa hapakufaa kwa mifugo yao.

Mwezi Novemba 1951 askari walifika. Nyumba zilibomolewa na kuchomwa moto, mifugo ikaswagwa, na mingi ikafa. Wananchi hawakupigana, lakini pia hawakutii. Hapo ndipo nilipokosea mimi katika mdahalo, kwa kudhani kwamba asiyepigana ametii. Wameru walikataa kwenda walikoelekezwa, na walikataa fedha ya fidia. Fikirini, ndugu zangu, ugumu wa neno hilo. Mtu nyumba yake ni majivu, watoto wanalala kwa jamaa, naye anasukuma pembeni fedha anayowekewa mezani, kwa sababu akiipokea atakuwa ameuza.

Uamuzi kama huo hausimami bila uongozi. Wameru walikuwa na umoja wao wa raia, na miongoni mwa wasemaji wao walikuwa Rafael Mbise na Kirilo Japhet. Kazi ya viongozi hawa ilikuwa kuzuia mambo mawili: kijana asirushe jiwe likawapa askari kisingizio, na mzee asipokee fidia kwa siri. Wakati huohuo waliandika kila kitu na kuchangisha fedha. Kisha wakatumia mlango ambao jirani zetu wa Kenya hawakuwa nao. Tanganyika haikuwa koloni kamili, bali nchi iliyokuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, na wakazi wake walikuwa na haki ya kupeleka malalamiko huko.

Wakamtuma Kirilo Japhet. Pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, walipeleka shauri hilo New York mwaka 1952, mbele ya Baraza la Udhamini na baadaye mbele ya Kamati ya Nne ya Baraza Kuu. Mwaka huohuo Waafrika Kusini walikuwa wakivunja sheria za ubaguzi kwa makusudi na kukubali kwenda jela, na kule Montgomery, Marekani, ilikuwa bado miaka mitatu kabla ya watu weusi kugomea mabasi.

Je, walishinda? Hapa yafaa tuseme kweli, maana wanafunzi hawapendi kudanganywa. Kamati ya Nne iliwaunga mkono, lakini katika Baraza Kuu azimio halikupata theluthi mbili ya kura. Kirilo alirudi nyumbani bila ardhi. Alichorudi nacho ni kwamba mambo ya Engare Nanyuki yalikuwa yamejulikana Tanganyika nzima, na watu walikuwa wamejifunza kwamba Serikali ya Kiingereza inaweza kuitwa kujieleza. TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 ilikuta njia imekwisha kufyekwa. Mwezi Machi 1955 Mwalimu Nyerere naye alisimama mbele ya Baraza lile lile la Udhamini.

Subira hiyo ilipimwa tena Tabora, Januari 1958. Serikali ilikuwa imeweka kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Wajumbe wengi wa TANU walitaka kuususia uchaguzi huo wa kibaguzi, na hasira yao ilikuwa ya haki. Mwalimu aliwashawishi waingie na kuushinda mfumo huo kutoka ndani. Wengine hawakukubali, Zuberi Mtemvu alijitoa akaanzisha chama chake. Lakini katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea waliosimamishwa au kuungwa mkono na TANU walishinda, wakiwemo Wazungu na Wahindi, na ngazi iliyojengwa kuwagawa watu kwa rangi ikatumika kupandia kwenye Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka uliofuata shule zilizokuwa zimetengwa, za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, zikawekwa katika mfumo mmoja. Mwanafunzi unayesoma haya, dawati lako limo katika habari hii.

Sasa nirudi kwa swali la mwalimu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi moja niliyoitumikia mbali na hapa, niliwekewa mezani notisi ya kuwahamisha wananchi katika eneo fulani. Nilisaini bila kwenda kuliona. Siku iliyofuata walikuja, akina baba na akina mama, wakakaa chini ya mti mbele ya dirisha langu. Hawakupiga kelele. Kila asubuhi walinisalimu, "Shikamoo mzee," hata waliokuwa wakubwa kwangu, na kila asubuhi walileta nakala ya barua ileile. Fidia hawakuigusa. Siku ya nne nilijikuta nikiingia ofisini kwa mlango wa nyuma. Usiku huo sikulala, na ndipo nilipomkumbuka mwalimu.

Nilikwenda kuliona eneo, nikaandika maoni ambayo yalipaswa kuandikwa kabla ya saini yangu, na mipaka ikapimwa upya. Si wote waliobaki. Wapo waliohama, na saini yangu ingali ndani ya lile jalada.

Kwa hiyo, mwalimu, jibu ni hapana, hakulala. Mtu anayekataa kwa utulivu humwachia mwenye kalamu mzigo wote wa tendo lake, bila jiwe hata moja la kujitetea nalo. Wadogo zangu, baadhi yenu kesho mtakaa chini ya mti, na baadhi mtakaa nyuma ya dirisha. Mkiwa chini ya mti, kumbukeni umoja na maandishi ya watu wa Engare Nanyuki. Mkiwa nyuma ya dirisha, tokeni nje mkawasikilize mapema kuliko nilivyofanya mimi.

Mimi ndugu yenu katika kulijenga Taifa,
Mhitimu wa zamani, Babati